MOTOKARI YA MVUKE INAUZWA: UANGALIE SHODIERI KWANZA



Tuseme siku ya mshahara fundi mmoja anafika kambini na motokari yake. Haina ngurumo ya moteri. Inapumua tu kama treni ya zamani, na nyuma inaacha wingu jeupe. Watoto wanaikimbilia. Fundi anaeleza kwamba hainywi esanse hata tone moja, inakula makala na maji. Ameitengeneza mwenyewe, na bei anayotaja ni ndogo kuliko ya motokari iliyochoka ya mkono wa pili. Anakuambia: panda, tuzunguke kidogo. Unapanda, inakwenda sawasawa, unarudi nyumbani kuhesabu feza pamoja na bibi yako.

Kabla ya kutoa feza hiyo, soma ukurasa huu mpaka mwisho.

Hatutaki kumcheka fundi. Mtu anayeweza kusukuma magurudumu kwa mvuke, kwa vyuma alivyokusanya huku na huku, ni mtu wa akili. Na kitu chenyewe si uongo. Mwaka 1769 huko Ufaransa, afisa wa jeshi Nicolas-Joseph Cugnot alikwisha kuendesha gari la mvuke la kukokotea mizinga. Mwaka 1906 huko Marekani, gari la mvuke la ndugu mapacha Stanley, likiendeshwa na Fred Marriott kwenye mchanga wa pwani ya Florida, lilipita kilomita 200 kwa saa. Wakati ule hakuna motokari ya esanse iliyofika hapo.

Basi swali si kama motokari ya fundi inatembea. Umeiona inatembea. Swali ni kama chombo kinachofunga mvuke kitavumilia, na siku kitakaposhindwa, wewe na watoto mtakuwa mmekaa wapi.

NGUVU INAYOKAA NDANI

Chombo hicho ndicho shodieri, ni kusema birika la chuma lililofungwa kabisa, ambamo maji yanachemshwa ili mvuke wake usukume pistoni. Mama anayepika na sufuria ya presio jikoni anaijua shodieri ndogo tayari. Anajua pia kwamba hafungui kifuniko wakati sufuria ingali inapiga mluzi.

Katika sufuria ya wazi, maji hapa Lubumbashi huchemka karibu digrii 96, kwa sababu mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiongeza moto, hayapiti hapo. Yanageuka mvuke na kwenda zake. Lakini ukiyafunga ndani ya chuma mpaka presio ifike bari 10, maji yale yanapanda mpaka digrii 184 na bado ni maji. Yanangoja. Chuma ndicho peke yake kinachoyazuia yasigeuke mvuke.

Sasa chuma kikipasuka, maji ya digrii 184 hayawezi kubaki maji katika hewa ya wazi. Sehemu yake inageuka mvuke palepale, kwa kufumba na kufumbua jicho. Tufanye hesabu ya shodieri ndogo yenye lita 50 za maji: zaidi kidogo ya sehemu moja kwa sita inaruka kuwa mvuke, na mvuke huo unataka nafasi ya lita zaidi ya 10,000. Mvuke huo unatosha kujaza chumba kidogo kizima.

Wewe unayefanya kazi na kompresa unajua nguvu ya tanki la hewa likipasuka. Shodieri ni mbaya zaidi. Tanki la hewa linatoa hewa iliyokuwamo, basi. Shodieri, baada ya kupasuka, inaendelea kuzaa mvuke kutoka katika maji yake, na mvuke huo ndio unaorusha vipande vya chuma na watu.

Hesabu nyingine. Chukua kichwa cha tanki cha mviringo, upana wake sentimita 40. Kwa bari 10, mvuke unakisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 12. Nguvu hiyo yote inashikwa na mstari mmoja wa suduri unaozunguka ukingo. Fundi alichomelea mstari ule, na kwa kawaida kiti cha abiria kiko mbele yake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuweka tanki.

KUTEMBEA VIZURI SI USHAHIDI

Wanunuzi wengi wanadanganyika hapa, na wala si kwa sababu muuzaji ni mwongo. Mwenyewe anaamini. Anakuambia: nimeiendesha miezi sita, haijaleta matata. Kwa moteri ya esanse neno hilo lina thamani, maana moteri mbovu inaonyesha ubovu wake: inakohoa, inatoa moshi, inakosa nguvu. Shodieri haikohoi. Chuma kinaliwa na kutu upande wa ndani, ufa unakua nywele kwa nywele chini ya suduri, na motokari inatembea vilevile kama jana, mpaka dakika ya mwisho.

Mwaka 2001, huko Medina katika jimbo la Ohio, Marekani, trakta kubwa ya mvuke ya zamani iliingia kwa nguvu zake yenyewe penye uwanja wa maonyesho. Muda mfupi baadaye ikalipuka. Watu 5 walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Wakaguzi walikuta kwamba maji yalikuwa yamepungua juu ya bamba linalofunika moto, na bamba lenyewe lilikuwa limeliwa na kutu likawa jembamba. Trakta ile haikuwa ya kienyeji, ilitoka kiwandani. Na siku ile ile ilikuwa imetembea.

Uangalie pia kibandiko. Mwaka 1865 meli ya mvuke Sultana ilipanda mto Mississippi ikiwa imejaa askari waliotoka utumwani wa vita. Shodieri yake moja ilikuwa na uvimbe uliokwisha kuvuja. Fundi alitaka kuitengeneza sawasawa, lakini kazi hiyo ingechukua siku nyingi, na kapiteni alikuwa na haraka ya feza ya abiria. Wakachomeka bamba dogo, jembamba kuliko chuma cha shodieri, wakaondoka. Karibu na Memphis shodieri zililipuka usiku. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Ukiona kibandiko juu ya tanki la fundi wetu, usiulize kama kinavuja. Uliza chini yake kulikuwa na nini.

MAMBO YA KUMWULIZA FUNDI

Uende mchana, moto ukiwa umezimwa na chuma kikiwa baridi. Fundi akisema hawezi kuionyesha bila moto, rudi siku nyingine.

Neno la kwanza: chuma hiki kilitoka wapi? Mara nyingi shodieri ya nyumbani ni chupa ya gazi ya kupikia, au tanki la kompresa, au chupa ya oksijeni iliyokatwa. Kila kimoja kilifanywa kushika kitu baridi. Hakikufanywa kukaa juu ya makala. Chupa ya oksijeni ina chuma cha nguvu kilichopikwa na kupozwa kwa namna yake maalumu. Ukikichomelea unaharibu upishi ule, na karibu na suduri kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Kama tanki ni pipa la mafuta la lita 200, usiulize zaidi. Pipa lina vichwa bapa na bati jembamba. Halikufanywa kushika presio yoyote.

Kisha supapu ya usalama, ni kusema mlango mdogo wa springi unaojifungua wenyewe presio ikipita kiasi. Uitafute kwa macho yako. Iwe na alama ya kiwanda na bari zilizoandikwa juu yake. Iwe imefungwa moja kwa moja juu ya shodieri, bila robine katikati, maana robine iliyo katikati siku moja itafungwa na mtu. Ukikuta bulo imekazwa mahali pa supapu, au springi imeongezewa kipande cha chuma ili motokari ipande mlima vizuri, umekwisha kumaliza ukaguzi wako. Mshukuru fundi, uende nyumbani.

Supapu inaweza kuwa nzuri, na bado shodieri isiwe salama. Supapu inalinda chuma kizima kisipitishwe kipimo. Haiwezi kukilinda chuma kibovu kisipasuke chini ya kipimo.

Uangalie kioo cha maji. Bila kioo, mwendeshaji hajui kama moto unapiga maji au unapiga chuma kikavu, na chuma kikavu juu ya moto kinakuwa chekundu na laini kama mkate. Kioo kiwe kisafi, na robine zake za juu na chini zifunguke, maana kioo kilichozibwa kinaonyesha maji ambayo hayapo. Manometa, mshale wake urudi sifuri wakati wa baridi. Kama unasimama bari 2 hali hakuna moto, unasema uongo wakati wa moto pia.

Halafu swali moja ambalo tunalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji chombo cha kupimia: shodieri yako ikishindwa, inaanza kushindwa wapi? Ndugu wale Stanley walikuwa na jibu. Shodieri yao ilikuwa pipa fupi lililozungushiwa nje waya mgumu wa piano, tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mabomba madogo kwa mamia. Maji yakikauka, mabomba madogo yalianza kuvuja, mvuke ukatoka na kuzima moto, motokari ikasimama njiani. Dereva alikasirika, lakini alifika nyumbani kwa miguu. Fundi anayejibu swali hili mara moja, akikuonyesha kwa kidole, alifikiri kabla ya kuchomelea. Fundi anayesema haitashindwa, hakufikiri.

JARIBIO LA MAJI BARIDI

Majibu ya mdomo hayatoshi hata yakiwa mazuri. Mwaka 1905 shodieri ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Marekani, ililipuka na watu 58 wakafa. Ajali hiyo ilikuwa moja ya zile zilizowasukuma wahandisi wa nchi ile kuandika kanuni moja ya kujenga shodieri, iliyochapishwa mwaka 1915. Tangu wakati ule, popote penye akili, shodieri haiwashwi kabla ya kujaribiwa kwa maji baridi.

Namna yake ni hii. Shodieri inajazwa maji mpaka juu kabisa, hewa yote inatolewa, kisha pampu ya mkono inapandisha presio mpaka mara moja na nusu ya ile ya kazi. Kama fundi anaendesha kwa bari 10, jaribio linafika 15. Unangoja, unatazama mshale kama unashuka, unatazama kila suduri kama inatoka jasho. Kwa nini maji? Kwa sababu maji baridi hayabanwi kama hewa. Chuma kikishindwa, maji yanaruka kidogo, presio inaanguka papo hapo, na hakuna kulipuka. Ndiyo sababu hewa ya kompresa haifai kabisa kwa jaribio hili, hata kama iko karibu na ni rahisi. Hewa iliyobaki ndani ni springi iliyokazwa.

Jaribio hili lifanywe na mtu aliyefunzwa kukagua vyombo vya presio, mwenye manometa iliyohakikishwa. Asimamaye mbele ya kichwa cha tanki asiwepo. Mkaguzi huyo anaweza pia kupima unene wa chuma kutoka nje, kwa chombo kinachotuma mlio ndani ya bamba na kuusikiliza ukirudi. Dakika chache tu, na kutu ya ndani inajulikana. Matokeo yaandikwe na kutiwa saini. Gharama ya kazi hii ilipwe na muuzaji, au mgawane. Fundi akikataa jaribio hata ukijitolea kulilipa wewe, amekwisha kukuambia anachokijua juu ya tanki lake.

MAGURUDUMU NAYO YANAUA

Tumesema sana juu ya shodieri, lakini motokari ina breki, ina siti, ina njia. Mwaka 1834 gari la mvuke la mhandisi John Scott Russell lilikuwa likibeba abiria kati ya Glasgow na Paisley, huko Scotland. Gurudumu likavunjika, uzito wa gari ukaangukia shodieri, ikapasuka, na abiria wakafa. Ukilala chini ya motokari ya fundi, pima kwa mkono nafasi iliyoko kati ya shodieri na udongo. Kisha ukumbuke mashimo ya njia zetu baada ya mvua.

Na mwaka 1869, huko Parsonstown katika Ireland, mji unaoitwa leo Birr, Mary Ward alipanda gari la mvuke lililotengenezwa na jamaa zake. Yeye alikuwa mwanamke wa elimu, aliyeandika vitabu juu ya darubini, na jamaa zake walikuwa watu wa sayansi wenye atelie nzuri. Shodieri haikufanya neno lolote. Gari lilikata kona, likamrusha chini, gurudumu la chuma likampitia, akafa. Halikuwa na mwendo mkali. Watoto wa kambini wanaoning'inia nyuma ya motokari ya fundi hawana siti wala kitu cha kushika isipokuwa mabomba ya moto.

HESABU YA FEZA

Tupite haraka hapa. Makala ni rahisi kuliko esanse, kweli, lakini mvuke unapoteza sehemu kubwa ya moto hewani, na gunia linakwisha upesi kuliko fundi anavyosema. Maji vilevile. Stanley za kwanza, zilizoacha mvuke uende hewani, zilikunywa lita 2 na zaidi kwa kila kilomita. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi: uhesabu mwenyewe madumu. Na maji ya visima vyetu vingi yana chokaa. Mama atakuonyesha ule ukoga mweupe ndani ya birika lake la chai. Ukoga huo huo unajipaka ndani ya shodieri, unazuia maji yasipoze chuma, na chuma kinaungua. Tena, uulize karatasi: motokari isiyo na namba ya shasi utaipatia plaki na asiransi kwa njia gani?

Kwa hiyo, ukitaka kutaja bei, uthamini magurudumu, ekseli, na pistoni kama vyuma vya mkono wa pili. Shodieri isiyojaribiwa uiandikie sifuri.

KAMA IMEKWISHA KUFIKA NYUMBANI

Labda jirani amekwisha kununua, au ni wewe. Usiiwashe mpaka ijaribiwe. Isiegeshwe na moto ndani ya gareji au karibu na dirisha la watu waliolala, maana makala yanayofuka hutoa gazi isiyo na harufu inayoua usingizini.

Watoto wafundishwe kwamba mvuke wenyewe hauonekani. Wingu jeupe ni mvuke uliokwisha kupoa. Karibu na tundu, mahali unapoona hakuna kitu, ndipo mkono unapoungua. Mtu akiungua, uondoe nguo isiyonatia, umwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ufunike kwa kitambaa safi, umpeleke dispansari. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala majivu.

Na siku moto unawaka, ukaangalia kioo, maji hayaonekani: usitie maji. Maji baridi juu ya chuma chekundu yanazaa mvuke mwingi kwa mara moja, na ndiyo hatari yenyewe. Usifungue robine kubwa kwa haraka. Kama mlango wa moto unafikika bila kusimama mbele ya kichwa cha tanki, tupia makala udongo mkavu au mchanga. Kama haufikiki, acha. Ondosha watu wote, kwanza wale walio mbele na nyuma ya tanki, wakae mbali nyuma ya ukuta wa matofali, na asirudi mtu mpaka chuma chote kiwe baridi. Mshale wa manometa peke yake usiuamini.